UZI: Ushauri nasaha kwa simu na video, na kwa nini kikao huharibikia kwenye maandalizi

Mshauri_Langata

Wadau, habari za jioni. Maswali ya kutafuta mshauri nasaha kwa simu yamejaa humu wiki hizi, na karibu yote yanauliza, "Nitumie programu gani?" Programu ni jambo dogo. Kikao cha mtandaoni huvunjwa na mambo ambayo hayakupangwa kabla simu haijaita: nani yuko chumbani, mteja ni nani kati ya mke na mume, laini ikikatika nani ampigie mwenzake, na maneno yakifika pagumu mtu ataenda wapi kupumua. Uzi huu ni wa hayo. Walio kwenye fani, wanasheria na mafundi wa mtandao, ongezeni.

Tuanze na mtu unayemkabidhi siri za nyumba yako. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inataka anayetoa huduma hii Kenya awe amesajiliwa na Bodi iliyoundwa chini ya sheria hiyo. Muulize nambari yake ya usajili kabla ya kutuma hata shilingi, tena kwa maandishi, halafu ulinganishe jina la usajili na jina linalotokea kwenye M-Pesa unapolipa. Yasipolingana, omba maelezo. Daktari wa magonjwa ya akili yuko chini ya KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, na yeye ndiye anayeandika dawa. Mshauri nasaha haandiki dawa. Akianza kukutajia vidonge vya kununua, ameshavuka mpaka wake.

Maswali mawili zaidi, na haya watu huona haya kuyauliza. La kwanza: msimamizi wako ni nani? Mshauri makini ana mshauri mkongwe anayepitia naye kazi yake bila kutaja majina ya wateja, kwa sababu kesi za familia humvuta mtu upande mmoja bila yeye kujua. La pili: kwa tatizo kama langu unatumia njia gani, na baada ya vikao vingapi tutapima kama inasaidia? Anayejibu "tutaona tukienda" hajapanga kazi.

Kikao cha mtu mmoja ni dakika 50 kwa kawaida. Cha mke na mume au familia huhitaji 75 hadi 90, maana watu wawili hawawezi kusikilizwa kwa muda wa mtu mmoja. Bei nyingi za Nairobi huangukia kati ya shilingi elfu mbili na elfu tano. Uliza kama bei ni ya kikao au ya kila mtu aliye kwenye kikao. Swali hilo likisahaulika, ugomvi wa kwanza mbele ya mshauri unakuwa wa malipo.

Fundi_Mitandao

Niongeze upande wa mitambo, maana hapa ndipo watu hupoteza dakika zao.

Zoom ya bure hukata mazungumzo dakika ya 40. Kikao cha dakika 50 kinakatika mtu akiwa katikati ya jambo zito, na kurudi baada ya hapo ni kazi kubwa. Mshauri anayelipisha anapaswa kuwa na akaunti ya kulipia, au atumie Google Meet, ambayo kwa watu wawili haina kikomo hicho. Mkiwa watatu au zaidi, Meet ya bure hukata dakika ya 60.

Bando: video ya Zoom ya ubora wa kawaida, watu wawili, hula takriban MB 450 kwa dakika 50. Sauti peke yake haifiki MB 100. Kwa hiyo usiingie kikaoni na bando la MB 200 ukitegemea bahati. Rauta ya nyumbani hufa stima ikipotea, na simu yako ndiyo inayobaki, kwa hiyo weka bando simuni hata kama una waifai. Video ikianza kukwama, usisubiri igande: zima kamera mapema, mbaki na sauti. Sauti safi bila picha ni bora kuliko uso unaokatika vipande, kwani mshauri hutegemea sana mtetemo wa sauti na kimya cha mtu.

Wanandoa walio nyumba moja, tumieni simu MOJA. Mkiwasha simu mbili chumba kimoja, sauti ya moja inaingia kwenye nyingine na mwangwi unaanza. Mkienda vyumba viwili tofauti mshauri anapoteza kitu kikubwa: haoni mmoja anavyovuta kiti mbali mwenzake anapoanza kusema. Laza simu upande, isimame kwenye usawa wa macho, hatua mbili kutoka mlipoketi. Pakiti mbili za unga juu ya meza zinatosha, na kikombe nyuma ya simu isianguke. Mwanga utoke mbele yenu. Mkiketi mgongo kwa dirisha mtaonekana vivuli.

Na saa. Mteja akiandika "saa mbili usiku" na mshauri akatengeneza kiungo cha 2:00, kikao kimepotea. Andikeni zote mbili: saa mbili usiku, yaani 20:00, saa za Nairobi.

Mpangaji_Pipeline

Asanteni. Lakini sisi tulio kwenye chumba kimoja na watoto, ukuta unasikika hadi kwa jirani, hiyo faragha inatoka wapi?

Mshauri_Langata

Mpangaji, hilo ndilo swali lenyewe kwa nusu ya Nairobi, na jibu lake ni la vitendo.

Sauti inayokusaliti ni ya upande wako. Ya mshauri unaizuia kwa visikizi vya waya. Kwa hiyo zungumza chini, maikrofoni ya waya iwe karibu na shingo. Weka redio karibu na mlango, si karibu nawe. Ikiwa mlangoni, kelele yake inakutana na anayesikiliza kabla maneno yako hayajamfikia. Ikiwa kando yako inamsumbua mshauri tu na kukulazimisha upaze sauti. Chagua saa ambayo ploti ina shughuli, saa kumi na mbili jioni watu wakirudi na masufuria yakigongana, kuliko saa nne usiku kila mtu akiwa kimya.

Mkubaliane na mshauri kuhusu maneno mbadala. Badala ya kutaja "mume wangu", mwite "upande ule". Badala ya kutaja kiasi cha deni, liandike kwenye ujumbe mkiwa bado mnaongea. Sehemu ya kikao inaweza kuwa ya kuandika kabisa. Na pawe na neno la kuashiria mtu ameingia. Ukisema, kwa mfano, "Hiyo hesabu ya chama nitakutumia kesho," mshauri anajua mara moja abadilishe mada au akate simu, bila kukuuliza "kuna nini?"

Nje ya nyumba: gari lililoegeshwa, benchi la City Park au Arboretum asubuhi, ofisi ya kanisa au msikiti ukiomba nusu saa. Matatu hapana, hata ukiketi nyuma kabisa. Na usifanye kikao ukitembea barabarani. Ukilia ukiwa njiani huna pa kuketi.

Nesi_Eastlands

Neno hilo la siri lina kazi nzito kuliko faragha ya majirani. Nataka niseme hapa wazi, kwa sababu nimeona watu wakihimizana "nendeni mkashauriwe pamoja" hata pale ambapo mtu anapigwa.

Palipo na vipigo, vitisho, au mtu anayenyang'anywa simu na pesa, kikao cha pamoja si mahali pa kuanzia. Anachosema mwanamke mbele ya kamera saa mbili, anaweza kukilipia saa tatu kamera ikizimwa, na mshauri yuko mbali. Ndiyo maana mshauri anayejua kazi huanza na kikao cha kila mmoja peke yake, hata kama tatizo linalotajwa ni "mawasiliano tu". Katika kikao hicho huuliza kwa namna ya kujibiwa ndiyo au hapana: Uko peke yako? Kuna anayeweza kunisikia? Umewahi kuogopa kurudi nyumbani? Mteja avae visikizi ili swali lisisikike na mtu mwingine. Mshauri anayewaweka wote wawili kwenye skrini siku ya kwanza na kuuliza, "Kuna fujo nyumbani?", amemweka mtu kwenye hatari.

Nambari za bila malipo: 1195 ya ukatili wa kijinsia, 116 ya watoto, 1199 ya Msalaba Mwekundu. Kwa aliyebakwa, hospitali kwanza ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinahitaji kuanza ndani ya muda huo. Mazungumzo yanaweza kusubiri, dawa haziwezi.

Jambo la simu: ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la aliyelipwa. Ikiwa mwenzako hupekua simu yako na jina la biashara lina neno "ushauri", amejua. Mwambie mshauri mapema, mtafute njia nyingine ya malipo. Zima taarifa zinazotokea kwenye skrini iliyofungwa. Fungua WhatsApp, angalia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, kuna mtu anasoma kila unachoandika. Lakini fikiria kabla ya kuiondoa. Akigundua umeitoa anaweza kukasirika, kwa hiyo tumia simu ya mtu unayemwamini kwa mazungumzo hayo.

Wakili_Milimani

Nakazia hapo kwa Nesi. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inampa mtu nafasi ya kuomba amri ya ulinzi mahakamani, na ukatili chini yake si vipigo peke yake. Wa kiuchumi na wa kihisia umo. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake wasioweza kumlipa wakili. Mshauri hawezi kutoa amri hiyo, na hapaswi kumshawishi mtu aiache "ili kikao kiendelee vizuri".

Kuhusu taarifa zenu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hali ya afya ya mtu ni data nyeti. Mshauri akitaka kurekodi kikao lazima akuombe ridhaa, akueleze kwa nini, itakaa wapi na itafutwa lini. Una haki ya kukataa na bado uhudumiwe. Mkiwa wawili kikaoni, ridhaa ya mmoja haimfungi mwenzake. Na nyinyi wateja msirekodi kisirisiri mkitarajia kuitumia kwenye kesi ya talaka. Mtaua kikao na mnaweza kujiletea kesi nyingine. Data yako ikivuja, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ndiyo inayopokea malalamiko.

Kabla ya kubonyeza "nakubali" kwenye programu kubwa za nje, someni wanaitoa data kwa nani. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka BetterHelp, programu ya ushauri wa mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja, zikiwemo anwani za barua pepe, kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali watu walikuwa wameahidiwa siri.

Bado kuna watu wanaogopa kumwambia mshauri kwamba wamewahi kutaka kujiua, wakidhani ni kujishtaki. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Semeni.

Nesi_Eastlands

Na mshauri naye awe tayari kusikia. Kabla ya kikao cha kwanza anapaswa kuwa na vitu vitatu: mahali ulipo siku hiyo kwa jina la mtaa na nyumba, mtu mmoja wa karibu anayeweza kufika kwako haraka, na hospitali iliyo jirani. Si umbea. Mtu akisema, "Nimeshika dawa mkononi," halafu laini ikakatika, mshauri wa Karen hawezi kumtafuta mtu wa Kayole kwa kukisia. Na ukibadilisha mahali, sema mwanzoni: "Leo niko kwa dada yangu Rongai."

Ikiwa ni wewe, na usiku huu mawazo ya kujiua yamekushika, usisubiri miadi. Piga Befrienders Kenya 0722 178 177, au 0800 723 253 ya Emergency Medicine Kenya Foundation, au uende kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari ipo barabara ya Thika. Usikae peke yako.

Mwanasaikolojia_Ngara

Nimefuatilia. Naomba nieleze kinachofanyika ndani ya kikao chenyewe, kwa sababu wengi wanadhani ni kuongea tu mpaka mzigo upungue. Kuongea kunasaidia, lakini tiba ina hatua.

Kwanza kupima. PHQ-9 ni dodoso la mfadhaiko lenye maswali tisa, kila moja sifuri hadi tatu, jumla ya juu ni 27. Kuanzia 10 tunachukulia kuna dalili za kutosha za mfadhaiko kufanyiwa kazi. Linajazwa tena baada ya vikao viwili au vitatu. Alama zikishuka tano au zaidi, kuna badiliko la maana. Zisiposhuka baada ya vikao vitano au sita, njia ibadilishwe au mteja apelekwe kwa daktari. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa. Fomu ikijazwa mtandaoni Jumatatu usiku na ikasomwa Alhamisi, swali hilo limekaa siku tatu bila mtu. Mimi nasisitiza lijazwe mshauri akiwepo.

Pili, matatizo ya kila siku. Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao PM+, vikao vitano vya dakika 90, mara moja kwa wiki. Ulijaribiwa hapa viungani mwa Nairobi kwa wanawake 421 wenye historia ya ukatili wa kijinsia, ukitolewa na wahudumu wa afya ya jamii, na matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionyesha msongo ulipungua. Hiyo ilikuwa ana kwa ana, lakini hatua zake zinaingia kwenye simu bila shida: kutuliza mwili, kushughulikia tatizo, kurudi kwenye shughuli, kuimarisha watu wa kukusaidia.

Kutuliza mwili: mkono tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya tatu, polepole, tumbo ndilo linaloinuka na si mabega. Kosa la kawaida ni kuvuta nyingi sana hadi kizunguzungu. Ukihisi hivyo, punguza kina cha pumzi, usiongeze. Fanya kila siku ukiwa umetulia, usingoje siku ya ugomvi ndipo ujifunze.

Kushughulikia tatizo, hapa nitakaa kidogo. Mteja hufika na sentensi kama "Pesa haitoshi." Hilo halina mlango wa kuingilia. Tunalikata hadi liwe dogo: "Karo ya mtoto wa sekondari, 18,000, inatakiwa kabla ya tarehe 5, iliyopo ni 6,500." Sasa pengo ni 11,500 na lina tarehe. Halafu mteja anataja njia zote anazoweza kufikiria, hata zile anazoziona mbaya, na mshauri hazikatai: kukopa kwenye programu ya simu, kuomba chama kibadilishe zamu, kuongea na mhasibu wa shule, kuuza kabati, kumwambia mjomba. Kuorodhesha kwanza, kuhukumu baadaye, ndiyo kazi. Anayehukumu kila wazo linapotoka huishia na mawili. Kisha zinachaguliwa moja au mbili, na hatua inaandikwa kwa siku na saa: "Jumatatu saa nne asubuhi nitampigia mhasibu wa shule niombe kulipa mara tatu, Jumamosi kabla ya kikao cha chama nitaongea na mweka hazina." Wiki inayofuata kikao kinaanza na swali moja: ilikuwaje? Kama hakupiga simu, tunatafuta kilichomzuia, na mara nyingi ni aibu, si kusahau. Hapo tunafanya mazoezi ya simu yenyewe, mshauri akiwa mhasibu.

Yapo matatizo yasiyotatulika: msiba, ugonjwa usiopona. Hayo hayapitishwi kwenye hatua hizi. Kumlazimisha mtu "atatue" kifo cha mama yake ni kumuumiza mara ya pili.

Mama_Kijana

Daktari, na mume na mke wanaozozana kila wakiongea? Kwa video si watapigana makelele tu?

Mwanasaikolojia_Ngara

Swali zuri, mama. Video ina shida yake: sauti hufika imechelewa kidogo, kwa hiyo mtu anaanza kusema akidhani mwenzake amemaliza, na mwenzake anaona amekatizwa makusudi. Kanuni: hesabu moja, mbili, kimoyomoyo kabla ya kujibu. Mshauri aitangaze mwanzoni.

Halafu zamu. Msemaji anasema jambo moja kwa sentensi chache. Msikilizaji anarudia alichosikia kabla ya kujibu. Mfano, mambo ya pesa za ushago:

"Ulimtumia mama yako elfu nane na hapa nyumba haijalipwa."
"Wewe umezoea kunichunga."
"Baba Njeri, kabla hujajibu, mwambie Mama Njeri ulichomsikia akisema."
"Amesema mimi ni mjinga wa pesa."
"Mama, umesema hivyo?"
"Hapana. Nimesema nyumba haijalipwa. Na hiyo elfu nane nimeisikia kwa shemeji."
"Baba, jaribu tena."
"Amesema nyumba haijalipwa... na kwamba habari amezipata kwa mtu mwingine."

Angalieni kilichotokea. Kidonda hakiko kwenye elfu nane. Kiko kwa shemeji. Bila kurudia, lile la shemeji lisingetoka, na wangezozana kuhusu elfu nane hadi asubuhi.

Hasira ikipanda, John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, alionyesha kwamba mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika mtu hasikii tena. Mwili uko vitani. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15. Yakifika 25, ndiyo 100 hayo. Kinachofuata ni mapumziko ya dakika 20 angalau, mmoja atoke nje, na wakati huo HAKUNA kutumiana ujumbe. Wengi huharibu hapo: mtu anatoka chumbani na kuendeleza ugomvi kwa WhatsApp, mapigo hayashuki. Kwa sababu ya dakika hizo 20 ndiyo maana kikao cha wanandoa kisipangwe cha 50.

Mshauri naye atangaze sera ya siri siku ya kwanza: mmoja akimwandikia pembeni, "Usimwambie, lakini...", itakuwaje? Wengine husema siri yoyote inayogusa ndoa lazima iletwe mezani ndani ya muda fulani, kwa msaada wao. Sera yoyote sawa, mradi ijulikane kabla. Mshauri anayeshika siri ya upande mmoja kimyakimya amekwisha kuwa sehemu ya ugomvi.

Mama_Kijana

Asante sana. Na kijana wa miaka 16 aliye shule ya bweni?

Mshauri_Langata

Chini ya miaka 18 ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika, lakini kijana naye akubali. Akiburutwa atakaa kimya dakika 50. Utaratibu unaofaa: mzazi dakika 10 za mwanzo, kisha atoke, atoke kweli, asibaki jikoni. Kabla ya hapo mkubaliane mbele ya kijana kipi mzazi ataambiwa: hatari kwa maisha, kudhulumiwa, kujiumiza. Mengine ni yake.

Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo kazi ya mtandaoni ipangwe likizo: Aprili, Agosti, Novemba hadi Desemba. Likizo ya Aprili inabeba vikao vinne vikibanwa vizuri, na katikati ya muhula mwalimu wa ushauri nasaha shuleni achukue usukani, kwa ridhaa. Usianze jambo zito kikao cha mwisho kabla ya kufungua shule. Anabaki nalo bwenini peke yake.

Kaka_Umoja

Na ikiwa mke yuko Dubai kazini, mume yuko hapa na watoto, na mama mkwe wa Murang'a anataka awepo pia? Yeye ana kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti.

Fundi_Mitandao

Falme za Kiarabu huzuia simu za WhatsApp. Ujumbe ndio hupita. Tumieni Zoom au Microsoft Teams. Dubai iko saa moja mbele ya Nairobi: saa mbili usiku huku ni saa tatu kule. Mama wa kabambe anaunganishwa kwa simu ya kawaida iliyowekwa spika kando ya kompyuta ya mshauri, au kupitia Zoom ya kulipia ya mshauri, yenye nambari ya kupiga simu. Njia ya kwanza ni rahisi zaidi na haimlazimu mama kubonyeza chochote.

Mwanasaikolojia_Ngara

Kabla ya kumuunganisha mama, swali: anakuja kama nani? Kama mlezi wa watoto, kikao cha malezi kinamhusu. Ikiwa jambo ni la ndoa, wenye ndoa wakae wawili kwanza, hata vikao vitatu, ndipo aalikwe kwa ajenda moja. Akiwepo tangu mwanzo, kila mmoja atazungumza ili asikiwe na mama, si na mwenzake.

Akiwepo: afungue yeye, kama ada, kwa dakika tano ambazo ameambiwa mapema na kwa heshima. Kwa kuwa haoni nyuso, kila msemaji ataje jina lake kwanza. Mshauri amrudie kila dakika kumi, "Mama, bado unatusikia?" Mzee aliye kwenye sauti pekee husahaulika upesi na hukasirika kwa haki. Lugha iulizwe wakati wa kupanga miadi. Kama mama anaeleza machungu yake kwa Kikuyu, mshauri asiyekijua asimtumie mwana kutafsiri. Mwana atalainisha.

Na mke aliye kazini kule: ana chumba chake au analala na wengine? Ana siku gani ya mapumziko? Hiyo ndiyo siku ya kikao. Isiwe usiku baada ya saa kumi na nne za kazi.

Kaka_Umoja

Nimeelewa. Sasa mtu akimwandikia mshauri mara ya kwanza, aandike nini? Wengi hapa ndipo hukwama.

Mshauri_Langata

Asiandike historia yote ya ndoa kwenye ujumbe wa kwanza. Bado hajui anayeisoma ni nani. Kwa hali kama hiyo uliyotaja, hii inatosha, badilisha panapohitajika:

"Habari. Tunatafuta ushauri nasaha wa mume na mke kwa Kiswahili. Mmoja yuko Umoja, mwingine Dubai, watoto wawili wako Nairobi. Tunazozana kuhusu matumizi ya pesa zinazotumwa nyumbani. Tungependa kila mmoja azungumze nawe peke yake kwanza. Siku inayotufaa ni Ijumaa, saa mbili usiku Nairobi, 20:00, kwa Zoom. Tafadhali tujulishe nambari yako ya usajili, bei ya kikao cha dakika 90 kwa wote wawili, sera yako ya kuahirisha, na laini ikikatika nani atapiga. Usipige simu kabla ya kuandika."